Kamera Inayotaka Jua

Jumatatu, katika duka moja mjini Kericho, mpiga picha wa Kiptere alikuwa akigeuzageuza kamera mpya.

"Chukua, fundi. Ile yako ya boksi imezeeka," mwenye duka alimwambia. "Hii inapiga hata ndani ya nyumba."

"Yangu bado inapiga. Inataka jua tu."

Mwanamume kutoka Kimulot aliingia, akavua kofia. "Fundi, twende umpige mama picha. Hana hata moja, na ni mgonjwa sana."

"Mtoeni nje, nitakuja."

"Hawezi kutoka kitandani."

Mpiga picha aliitazama kamera mpya, akairudisha kwenye kaunta. "Labda mwaka ujao."

"Basi tutakuita siku ya kumzika. Siku hiyo tutamtoa."

Nyumba nyingi huku zina picha moja tu ya nyanya, naye yumo ndani ya jeneza. Mwanga, lakini, ni mzuri sana.