Mlinzi wa Websaiti

Hivi wewe, websaiti hulindwa na nini? Juzi nilisikia mnunuzi wa pamba hapa Shinyanga anatafuta fundi wa kumtengenezea websaiti. Nikaenda, digrii kwapani, nikampa shikamoo.

"Marahaba. Fundi nimeshapata, katoka Mwanza. Anasema dunia nzima itaingia humo. Sasa nani atalinda?"

"Tajiri, this is not a godown. Haina hata mlango."

Akashika kichwa. "Haina mlango? Basi walinzi wawe wawili." Akamgeukia sungusungu, mlinzi wake wa jadi, aliyekaa kizingitini na mishale yake: "Mzee, mtafutie msomi upinde."

Ningekataa, with this njaa? Wakubwa wa vyuo vikuu, mlinijaza theory mpaka puani. Njooni basi mnifundishe kulenga mshale, kwa sababu zamu yangu inaanza leo.