Chupa Yangu na Chupa Yake

Miaka hiyo macho yangu yalitiririka machozi bila huzuni yoyote. Nilikuwa fundi cherehani karibu na msikiti mjini Kitale, na wateja waliponiona nikijifuta waliniuliza, "Pole fundi, nani ametutoka?" Mwanzoni nilieleza. Baadaye nikawa nasema asante tu. Siku chozi lilipodondokea sateni nyeupe ya bibi harusi na kuacha alama, mke wangu alisema, "Baba, nenda utibiwe. Watu watatukimbia."

Hospitali moja ya Bungoma ilikuwa ikitafuta watu wazima wenye macho kama yangu, wajaribu dawa ya matone. Sista aliyenipokea hakunificha: chupa nyingine zilikuwa na dawa, nyingine maji ya chumvi tu, na hata yeye hakujua ipi ni ipi. Nikaweka sahihi kwa shingo upande.

Kila wiki, siku ya kupimwa, nilikaa benchi moja na mama mkulima wa Kapsokwony, naye akiwa kwenye jaribio hilo. Wiki ya pili nilimwambia matone yangu ni machungu, nayasikia mpaka kooni, na macho yameanza kukauka.

Akajipangusa kwa ncha ya leso. "Yangu ni kama mvua tu, bana."

Tulicheka, lakini nilirudi Kitale nikimfikiria.

Jaribio lilipoisha, sista alitusomea matokeo. Mimi nilikuwa nimepewa dawa, yeye maji. Niliona aibu, kana kwamba nimemnyang'anya.

"Pole, mama," nikasema.

"Ya nini? Si lazima wengine wapewe maji ndio ijulikane dawa ni dawa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kumbe kupona kwangu kulihitaji shahidi, na shahidi alikuwa yeye, na macho yake yaliyolowa.

Baadaye naye alipewa dawa, kama walivyoahidiwa wote waliopata maji. Jicho moja lilipata nafuu. La pili likakataa. Daktari alisema mfereji wa machozi umeziba, lazima apasuliwe kidogo. Siku ya kupasuliwa nilimkuta kwenye benchi letu. Nami nilikuwa nimekuja kupimwa mara ya mwisho, nikakaa naye hata baada ya kumaliza. Alipoitwa alinishikisha kikapu chake cha mahindi mabichi.

Alitoka jicho limefungwa bandeji, akainama juu ya kikapu.

"Umekula mangapi?"

"Hata moja."

"Basi chukua mawili umpelekee mama watoto."