Kadi ya Ndege na Unga wa Eldoret

Mwanangu, kuna siku moja ya miaka ya tisini ambayo nikiikumbuka, hata leo, lazima niheme kwanza ndipo niseme. Wakati huo nilikuwa nauza mitumba sokoni Kitale. Kaka yangu Wafula, aliyekuwa akizunguka na gari la kampuni kuuza mbegu na mbolea, alikuja kibandani kwangu anatabasamu kama mtu aliyealikwa ikulu. Akanionyesha kadi ya benki. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na jina lake limechomoza juu yake hata ungeweza kulisoma kwa kidole.

"Hii si kadi ya kawaida, bana," alisema. "Kila nikinunua kitu nayo, wananiandikia pointi. Pointi zikijaa, napewa tikiti ya ndege. Bure! Mama anaenda kumwona Nekesa."

Nekesa ni kitinda mimba wetu. Alikuwa muuguzi Uingereza, akaolewa huko, na Mama alikuwa hajamwona tangu aondoke, wala hajawahi kuwashika wajukuu wake. Mama aliishi Kamukuywa. Umri ulikuwa umemwelemea, na aliomba jambo hilo moja tu: amwone Nekesa kabla hajafumba macho.

"Na hiyo bure unailipia nini?" nikamwuliza Wafula.

"Ada ya mwaka tu. Ni kubwa kidogo, lakini nayo unaingia chumba maalum pale uwanja wa ndege. Viti laini, chai unajimiminia mwenyewe."

"Wewe umewahi kupanda ndege?"

"Si ndiyo nataka kuanza!"

Mimi niliishia darasa la saba, sitajifanya mjuzi wa mambo ya benki. Lakini tuliketi juu ya bunda la sweta tukaipima ile kadi pamoja. Kwa haki, haikuwa ya wizi. Mtu anayesafiri kwa ndege kila mara kwa sababu ya kazi, na anayelipa deni lote kabla riba haijaamka, ingemfaa. Lakini Kitale yote maduka yenye ile mashine ya kukwaruzia kadi yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, na Bungoma vivyo hivyo. Ukitaka pointi, uende Eldoret. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ada ya kila mwaka, si tuiweke kando iwe nauli ya Mama?"

Akacheka. "Dada, wewe unafikiria kimitumba."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini nani husikia methali akiwa ameshika dhahabu?

Basi Wafula akaanza kuvuna pointi. Sabuni, Eldoret. Misumari, Eldoret. Jirani akitaka sare ya mtoto, Wafula anapokea pesa zake taslimu, anakwenda kulipa kwa kadi. Petroli aliyochoma barabarani hakuihesabu. Tulipomtembelea Mama, alikuwa akiuliza habari za pointi kana kwamba ni wageni walio njiani.

"Wafula, hizo pointi zimefika wapi?"

"Zimekaribia, Mama."

"Zimefika Webuye?"

Tulicheka wote, na Mama akacheka. Alikuwa tayari ameshanunua sweta nzito ya safari.

Kisha baba yetu mdogo akafariki kule Naitiri. Mwanangu, wewe unajua matanga ya kwetu. Mwanamke huyu anakuja na debe la mahindi kichwani, yule na kuku kwapani, mwingine na kuni, na kila anayekuja na kitu anabaki kukipika. Wafula akatuma neno kila upande: "Msilete vitu. Tumeni pesa, nitanunua kila kitu mimi mwenyewe." Watu wakashukuru, wakatuma bahasha. Na waliotuma bahasha, wengi hawakuja wenyewe.

Usiku wa kuamkia mazishi mvua ikanyesha. Asubuhi gari la Wafula likakwama kwenye tope, likiwa na unga, mchele na sukari kutoka Eldoret. Sisi tulikaa Naitiri na masufuria makavu. Wageni waliotoka mbali walipewa maji. Jikoni palikuwa kimya, na kilio bila jiko la wanawake ni kilio cha yatima. Wafula alifika jua limepinduka, amejaa matope mpaka masikioni, akaanza kushusha magunia.

Senge yetu, shangazi aliyekuwa dada ya marehemu, akainuka kwenye mkeka. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Wafula, papa, baba yangu, njoo hapa. Hii Naitiri mahindi yamejaa maghalani mpaka panya wamechoka. Nani alikutuma unga Eldoret?"

"Senge, nilitaka kusaidia."

"Ulimsaidia nani? Mtu akileta debe la mahindi, anakuja nalo. Anakaa, anapika, analia na sisi. Wewe umewaambia watume bahasha. Bahasha inalia?"

Wafula akaanza kupangusa matope masikioni.

"Ndugu yangu amelala pale ndani, na wewe unachuma nauli ya ndege kwa matanga yake. Kama mama yako anataka kwenda kwa mtoto wake, si useme kanisani? Watu wapo! Ati unaona aibu kuomba watu wako, lakini huoni aibu kungoja benki?"

Ungedhani alimsikia. Hakumsikia. Nilimsihi tuitishe mchango, akasema hawezi kutembeza bakuli kama maskini wakati pointi zimebaki kidogo tu. Mwaka ukapita, ada ikakatwa. Mwaka mwingine, ada tena. Siku moja akapiga simu benki kule Nairobi, akaambiwa pointi zake za kwanza zimepitwa na muda, zimefutwa. Akakasirika, akaapa ataanza upya. Nikamwambia, "Kaka, Mama haanzi upya." Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Mama ndilo lililokuwa likiuma.

Mwaka uliofuata, msimu wa baridi, homa ya mapafu ikamchukua Mama.

Pointi zilikuwa ndiyo kwanza zimetosha wakati huo, hilo nalo nitakuambia kwa sababu ni kweli. Wafula alipiga simu akiomba tikiti ya kumleta Nekesa amzike mama yake. Mtu wa upande wa pili akamwambia kwa adabu kwamba viti vya pointi mwezi huo vimekwisha, vinashikwa miezi mingi mapema. Wafula akabaki ameshika simu, akisema tu, "Lakini ni msiba. Lakini ni msiba."

Senge alijifunga leso, akaenda kanisani Kamukuywa. Kufikia jioni nauli ya Nekesa ilikuwa imepatikana, na kati ya waliotoa alikuwa mjane aliyeuza kuku wake wa mayai.

Nekesa alifika. Mama hakumwona.

Wafula naye sasa amelala karibu na Mama, na simsemi kwa ubaya. Alimpenda kuliko alivyoweza kuonyesha. Lakini nachoka, mwanangu, nachoka sana nikiwaona mkikimbilia njia ile ile.

Kwa hiyo sikia. Ukiletewa kadi ya namna hiyo, jiulize kwanza kama ungesafiri hata bila hiyo kadi. Jiulize kama duka lako la kila siku linaikubali, na kama utalipa deni lote kila mwezi. Uliza ada yake, na uliza pointi zinakufa lini. Majibu yakikuridhisha, ichukue kwa amani. La sivyo, rudisha. Lakini jambo la mtu unayempenda usilikabidhi kwa kadi. Weka nauli yake kidogo kidogo, na ikipungua, sema na watu wako. Kuomba si aibu.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na mdomo usioona haya kuomba. Na wale unaotamani kuwaona, akukutanishe nao wakiwa bado wanaweza kukuitikia.