Mawe Mawili Chini ya Maji ya Paje

Mama mkubwa alikuwa akilima mwani Paje, na kila likizo ya skuli mama alinitoa Kikwajuni kunipeleka kwake. Maji yakianza kujaa na kazi imekwisha, hatukutoka mara moja. Alikuwa na mchezo wake. Yeye alisimama mwisho wa shamba, mimi mwanzo, nikazamisha kichwa, naye akagonga mawe mawili chini ya maji. Mimi nilihesabu.

Asubuhi bahari ikiwa shwari, kila pigo lilinifikia zima. Alasiri, upepo ukishaanza, mapigo yalikuja yamechakaa, mengine siyasikii kabisa. Nilimwambia anagonga kivivu. Akasema nguvu ni ileile, na kwamba jambo hilo limemshangaza tangu usichana wake: mawimbi yako juu, yanaharibuje sauti iliyo chini? Akanituma nikaulize skuli. Niliuliza, mwalimu akacheka.

Jibu nimelipata ukubwani, nilipoajiriwa na watafiti wa bahari kushusha vyombo vyao majini. Walinieleza kwamba sauti ndani ya maji hupanda pia juu. Uso wa bahari ukiwa laini, huirudisha chini nzima, kama kioo kinavyorudisha sura. Ukiwa na mawimbi, huitawanya huku na huku, na anayesikiliza mbali huambulia vipande.

Siku tuliyofanya kazi Paje nilimwomba mkuu wetu nimpandishe mama mkubwa botini. Alikuwa keshaacha kulima, magoti hayamruhusu. Nikampa jibu lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe kosa lilikuwa la juu."

Kisha nikamvisha vya kusikilizia masikioni, tukashusha kinasa sauti. Nilitaka asikie mlio wa chombo chetu cha kupimia. Yeye akasikia mengine: uduvi wakitatarika kama mafuta kikaangoni, samaki wakiguna. Akafumba macho. Mkuu wetu alitaka tuhamie sehemu nyingine, nikamwomba angoje.

Alipovivua alivishika mkononi kwa muda.

"Miaka yote ile, mwanangu," aliniambia, "nlikuwa nkidhani niko peke yangu shambani."

Tukamrudisha ufukweni. Nilimshika mkono ashuke, maji yakamfika magotini, akasimama kidogo kabla ya kwenda.