Mwalimu Edinah na Kibali cha Kendu Bay

Edinah Wegesa alipohamia Kehancha kufundisha, hakuona kama anakwenda nchi ya watu. Kwao ni Tarime, upande wa Tanzania, na mtu akiondoka huko asubuhi anaweza kula chakula cha mchana Kehancha bila haraka yoyote. Pande zote mbili za mpaka ni Wakuria, wanaoana na kuzikana. Edinah alijihisi kama msichana aliyekwenda kukaa kwa shangazi yake.

Aliyemwita alikuwa Mchungaji Bonface Nyamhanga, mzee mrefu mwenye goti bovu, aliyeendesha shule ndogo ya wasichana nje ya mji. Wengi wa wasichana wale walikuwa wamekimbia kwao ili wasikeketwe, au wasiozwe kabla ya wakati. Mchungaji alitafuta mtu wa kuwafundisha Kiswahili, akaelezwa na wenzake wa kanisa la Tarime kwamba kuna binti amemaliza ualimu na bado anasubiri ajira. Kanisa likamwombea kibali, kile wanachopewa watu wanaojitolea kwenye kazi za dini na za misaada. Edinah alitia pasipoti yake kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya nguo, akaisahau.

Wasichana walimcheka mwanzoni. Alikuwa anasema "naomba chaki" pale wao wangesema "leta chaki", na alipowaamkia wapishi wa shule kwa shikamoo, wapishi waliangaliana wasijue la kujibu. Lakini haukupita muhula kabla darasa zima halijaanza kuomba badala ya kuagiza. Alikuwa na namna ya kusoma shairi kwa sauti ya chini, polepole, hata msichana aliyelala dawatini akainua kichwa. Kwenye tamasha la mashairi mjini Migori, wasichana wake walipanda jukwaani na sare zilizofifia, wakashuka na ushindi. Mama mmoja aliyevaa miwani mikubwa alimfuata nyuma ya ukumbi akamuuliza ni nani aliyewafundisha watoto wale. Jina lake lilikuwa Linet, mkuu wa shule ya binafsi huko Kendu Bay, na wanafunzi wake walikuwa wameshindwa siku hiyo. Alichukua namba ya simu ya Edinah, akasema atamkumbuka.

Mwaka uliofuata shule ya kanisa ilifungwa. Wafadhili waliokuwa wakiisaidia walielekeza msaada wao kwingine, na Mchungaji, baada ya kubisha hodi kila mlango aliojua, aliwaita walimu akawaeleza ukweli. Edinah hakuondoka mara moja. Alifuatana na wasichana mmoja mmoja hadi kwenye shule mpya walizotafutiwa, akawabebea magodoro, akazungumza na walimu wapya ili wajue nani anaogopa kulala peke yake na nani asiulizwe habari za baba yake. Msichana wa mwisho alipopata nafasi, Edinah alirudi chumbani kwake kufunga mizigo ya kwenda Tarime. Linet alipiga simu wiki hiyohiyo. Alitaka mwalimu wa Kiswahili na fasihi, na alimtaka upesi.

Edinah alifurahi kupita kiasi. Alimweleza Mchungaji kwamba Jumatatu ataanza kazi Kendu Bay. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amewahi kusoma kibali chake. Hakuwa amekisoma.

"Kibali chako kimefungamanishwa na kanisa," Mchungaji alisema. "Ni cha kujitolea, na ni cha hapa tu. Kule unakwenda kuajiriwa. Ukishika chaki hata kipindi kimoja bila kibali cha ajira, binti yangu, umevunja sheria, na mimi niliyekuleta nimevunja pamoja nawe."

Angeweza kuishia hapo. Shule yake imefungwa, mwalimu si wake tena. Badala yake, pamoja na goti lile, alipanda gari hadi Kisumu kwenye ofisi ya uhamiaji, Edinah akiwa kando yake. Alirudisha kibali cha zamani kwa utaratibu, akaeleza kwa mdomo na kwa maandishi kwamba binti huyu hakuwahi kuwaletea taabu. Edinah akapewa pasi ya muda ya kumruhusu kukaa nchini wakati shule mpya inamwombea kibali kingine. Ilimruhusu kukaa, si kufanya kazi. Walipotoka nje, Mchungaji alinunua ndizi mbivu, wakala wamesimama, na kabla ya kuagana alimwombea pale pale kando ya barabara, watu wakiwapita.

Kwa hiyo Edinah alifika Kendu Bay akiwa mwalimu asiyeruhusiwa kufundisha. Linet alimtafutia chumba kwa Teresa, mama mjane aliyefanya biashara ya omena, na Teresa akasema habari ya kodi itazungumzwa siku mshahara utakapoanza. Hakuitaja tena. Jioni ya kwanza alimwekea ugali na omena, Edinah akasema kwao wanaiita dagaa, na Teresa akacheka sana, akaenda kuwaambia majirani kwamba samaki wao wana jina lingine huko kwa wageni. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita nyar Tanzania, binti wa Tanzania, na watoto wakawa wanamwita hivyo wakimpita.

Ombi la kibali lilitumwa. Wiki zikapita. Asubuhi alisikia kengele ya shule kutoka mlimani, akajikuta amesimama mlangoni kama mtu aliyeitwa. Kidato cha nne walikuwa karibu na mtihani, na Kiswahili chote cha shule kilikuwa juu ya msichana mmoja aliyetoka chuo juzi tu, Liz, ambaye alikuwa akisahihisha insha za madarasa manne mpaka macho yanavimba.

Siku moja Linet alishuka mwenyewe hadi kwa Teresa. Alisema hamwombi aajiriwe, anamwomba tu aingie darasani kidogo, awasaidie watoto na ufahamu na ushairi. Ni nani atajua? Watoto hawana kosa, alisema, na karatasi za serikali zitafika zikifika. Edinah aliona haya kumkatalia mtu aliyemfanyia wema.

"Mwalimu mkuu, naomba unisamehe," akasema. "Nikiingia leo, kesho tutakuwa na uongo sisi wawili, na wa kuubeba ni wewe."

Linet aliondoka bila kunywa chai aliyotengewa. Ikapita wiki na zaidi bila simu yake. Edinah aliamini amepoteza kazi. Alimwambia Teresa kwamba labda ni heri arudi kwao kabla pasi haijaisha, asije akawa mzigo. Teresa alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe. Alimjibu kwa Kiswahili chake cha mkato kwamba mzigo ni kitu ya kubeba, na yeye hajasikia mgongo ikiuma. Kisha akamwomba amsaidie kugeuza omena iliyoanikwa uani kabla mvua haijaja.

Hapo ndipo maofisa wawili wa uhamiaji walipomkuta siku kadhaa baadaye, ameinama juu ya neti ya kuanikia, mikono inanuka samaki. Mtu fulani, hakuna aliyepata kujua ni nani, alikuwa amepeleka habari kwamba shule ya Linet inaficha Mtanzania anayefundisha bila kibali. Maofisa walikuwa wameanzia shuleni. Waliingia kidato cha nne, wakauliza nani anawafundisha Kiswahili, darasa zima likajibu Madam Liz. Waliuliza kama yuko mwalimu mwingine, Mtanzania. Wanafunzi wakashangaa kwa kweli, maana hawakuwa wamemwona darasani. Ndipo wakaelekezwa kwa Teresa, wakashuka.

Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye sauti tulivu, aliomba pasipoti. Edinah alinawa mikono kwanza, akaileta. Ofisa alisoma pasi ya muda mbele na nyuma. Alimuuliza kama amewahi kufundisha pale shuleni.

"Sijawahi."

"Hata siku moja?"

Edinah alifikiri. "Nilipita lango Jumapili moja, kwenye ibada ya wazazi. Niliimba."

Ofisa mdogo aligeuka upande kuficha kicheko. Yule mkubwa hakucheka, lakini uso wake ulilegea. Teresa alileta chai, ofisa akakataa, akaomba maji. Alipokwisha kunywa, alisema kitu ambacho Edinah hakukitarajia kutoka kwa mtu aliyekuja kumkamata. Alisema maombi ya namna ile hukwama mara nyingi kwa sababu shule hazielezi vizuri ni kwa nini zinamhitaji mgeni, wala hazimtaji Mkenya atakayejifunza kwake ili siku moja ashike nafasi hiyo. Mkuu wa shule aangalie sehemu hizo mbili, alisema, akimrudishia pasipoti, na kama zina upungufu azirekebishe wiki hii.

Linet alifika alasiri hiyohiyo, akitembea haraka kuliko kawaida yake. Alikaa kwenye benchi la Teresa, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Ungenisikiliza siku ile, leo ningekuwa nafunga shule," alisema. "Watoto mia na kitu. Na mimi ndio nilikuwa nakusukuma."

Edinah alimtengea chai, na safari hii Linet akanywa.

Walipofungua nakala ya lile ombi, ilikuwa kama ofisa alivyosema. Mahali pa kueleza sababu Linet alikuwa ameandika maneno matatu tu, na mahali pa kumtaja Mkenya wa kujifunza pameachwa patupu. Sababu haikuwa ngumu: aliandika juu ya ushindi wa Migori, na juu ya tangazo la kazi ambalo halikuleta mtu wa fasihi. Ugumu ulikuwa kwenye jina. Wa kutajwa alikuwa mmoja tu, Liz, na Edinah aliogopa kumtazama usoni. Alidhani msichana aliyebeba somo zima peke yake kwa muda wote ule angeona ameletewa mtu wa kumkalia kichwani.

Liz aliitwa, akaelezwa. Alisikiliza huku amekumbatia furushi la insha.

"Kwa hivyo kazi yako ni kunifundisha mpaka usihitajike hapa," akamwambia Edinah.

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Na wewe uko sawa na hiyo?"

Edinah alikumbuka safari zile za kuwapeleka wasichana kwenye shule nyingine, jinsi alivyowafundisha hadi siku ya kuwaacha. Akasema yuko sawa. Liz akaweka zile insha mezani, akachukua kalamu akatia sahihi kwenye ombi, kisha akasema kwamba yeye kwa kweli ushairi haujawahi kumwingia, na kwamba amekuwa akiuruka darasani na kuomba Mungu usitoke kwenye mtihani. Wote watatu walicheka. Tangu siku hiyo Liz alikuwa akishuka kwa Teresa baada ya masomo, kama mgeni wa kawaida aliyekuja kuzungumza, na maongezi yao hayakuwa na chaki wala malipo. Walikuwa wasichana wawili wanaopenda vitabu, wamekaa kwenye jamvi.

Kibali cha ajira kilitoka pasi ya muda ikiwa inakaribia kwisha. Edinah alikwenda Kisumu, akagongewa muhuri kwenye pasipoti, na akiwa bado kwenye ngazi za ofisi alimpigia simu Mchungaji Nyamhanga. Mzee alianza kumshukuru Mungu kwenye simu, akaendelea hadi salio likaisha. Edinah akampigia tena ili amalizie.

Aliingia kidato cha nne asubuhi iliyofuata. Mitihani ilikuwa karibu mno na hakufanya miujiza. Wengine walipita vizuri, wengine hivyohivyo. Lakini yuko Kendu Bay mpaka leo. Kibali kimeshafanywa upya mara moja, na sasa Liz ndiye mkuu wa idara ya Kiswahili; Edinah anafundisha chini yake, na akiulizwa, anasema hajapata kuwa na bosi mwema kama huyo. Anajua siku itafika ambapo barua ya serikali itasema imetosha, naye atarudi upande wa pili wa mpaka. Hajui ni lini. Hilo halimkoseshi usingizi. Anasema mwenyewe kwamba alikuja nchi ya watu akiwa hajui hata kibali chake kimeandikwa nini, na kila alipokaribia kuanguka kulikuwa na mtu mwingine amekwisha kunyoosha mkono: mzee mwenye goti bovu, mama wa omena, ofisa ambaye hata jina lake hakulishika.

Likizo ya Agosti iliyopita mama yake alikuja kumtembelea. Hajui Dholuo na Teresa hajui Kikuria, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na matege yake. Hata hivyo asubuhi ya pili Edinah aliamka akawakuta wawili hao uani, wamekaa kwenye magunia, wanachagua omena na kubishana kuhusu namna ya kumkaanga samaki mdogo asikauke. Alisimama mlangoni, asitake kuwakatiza. Mama yake alipomwona alimwambia asiwe anasimama tu kama mgeni, aje ashike upande wa pili wa neti. Akaenda akashika.