Sauti ya Mzee Gidamis Hailali Zizi Moja

Tak. Tak. Tak. Mlio huo wa diski inayokufa naukumbuka mpaka leo, mwanangu, kama kuku anayedonoa debe tupu. Ilikuwa Katesh, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, na mimi binti niliyeishia darasa la saba, nikajifunza kompyuta kwa kuchungulia wenzangu. Nilikuwa na moja kuukuu, nikaiendesha kwa programu huria, zile zilizoandikwa na watu wa mbali tusiowajua, wakazitoa bure na kumruhusu yeyote azifungue aone zilivyosukwa. Nilijiona nimeota mabawa!

Ndani ya diski ile ilikuwamo sauti ya Mzee Gidamis, mfugaji wa Getanuwas. Aliimba majina ya mababu wa ukoo wake kwenye kanda tatu, nikaihamishia sauti kwenye kompyuta. Kisha, kwa huruma zangu, kanda nikawapa wanakwaya wa Nangwa warekodi nyimbo zao juu yake. Si sauti ipo kwenye mashine? Baadaye koo la Mzee likaugua, akabaki kunong'ona tu.

Mlio ulipoanza, nilikimbilia programu ya kukarabati diski. Kidole kilikuwa juu ya kitufe Mzee alipoingia na fimbo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona uso kama umepakwa majivu?"

Nikamweleza yote, hata habari ya kanda. Akanong'ona: "Binti, ng'ombe wangu wengine wako kwangu, wengine Basotu kwa shemeji, wengine Nangwa kwa rafiki yangu mkulima. Ugonjwa wa ndigana ukiingia zizi moja, sijaisha. Wewe sauti yangu yote umeilaza zizi moja?"

Niliinamisha kichwa.

"Na huyo mgonjwa unataka kumfanya nini?"

"Nimtibu, babu."

"Anakata roho, wewe unamswaga josho akaogeshwe kupe? Okoa ndama kwanza!"

Penye wazee haliharibiki neno. Niliacha kukarabati, nikachukua programu nyingine, ndogo, isiyo na urembo. Hiyo hunakili kwanza sehemu zilizo nzima kwenye diski nyingine, zilizo mbovu huziruka, kisha huzirudia polepole, ikiandika ilipofika. Umeme ulikatika mara mbili, haikuanza upya. Siku ya tatu sauti ikatoka, majina yote, ukakosekana ubeti wa mwisho tu. Mzee alicheka bila sauti. "Huyo kijana anaimba! Muulizeni ni wa nani."

Sijawahi kujivuna kama siku ile, na sioni haya kusema.

Basi mwanangu, kitu cha thamani kipe mazizi matatu. Kikiugua, nakili kwanza, tibu baadaye, tena tibu ile nakala. Na ukipewa ujuzi bure, ugawe bure. Mungu akulinde wewe na unachokitunza, usije ukaulizwa sauti ya wazee wako ukakosa jibu.

Jioni ile, nakala moja ikiwa kwangu na ya pili kwa Mzee, nilitembea peke yangu hadi Nangwa na ya tatu, ya kwenye CD, nikaifunga kwenye kipande cha kanga, nikaisukuma chini kabisa ya sanduku la mama yangu aliyeishi huko.