Mitikisiko Isiyokuja Jumapili

Mimi ni mbishi, na ubishi ndio ulionipeleka kusomea matetemeko ya ardhi huku kwetu, ambako watu huogopa ndovu kuliko ardhi. Baada ya tetemeko kubwa, madogo hufuata kwa utaratibu unaojulikana: mwanzoni mengi, kisha yanazidi kuachana, kama bisi zinazomalizikia kwenye sufuria. Yanayotangulia ndiyo yaliyoninyima usingizi. Dogo likija, huwezi kujua kuwa ni la kutangulia mpaka lile kubwa lifike.

Nilifukia kifaa cha kupima mitikisiko nyuma ya nyumba ya mama, kijijini Rukanga, rekodi zikawa zinanifikia kwa mtandao chumbani kwangu Kaloleni. Mwezi wa pili mitikisiko ikaanza kuongezeka wiki baada ya wiki. Nilifurahi, halafu nikaona haya, maana ukuta wa mama una ufa. Nikampigia simu.

"Mama, hamia kwa mama mdogo kwanza. Hiyo nyumba siiamini."

"Na mbuzi wangu?"

"Nenda nao."

Akahama na godoro lake na mbuzi wake, bila swali lingine.

Siku kumi baadaye nikaipanga ile mitikisiko kwa saa badala ya tarehe. Karibu yote ilitokea kati ya saa saba na saa nane mchana. Jumapili mchana, kimya. Tetemeko gani hili linalokwenda kanisani?

Nikampigia tena kumuuliza kama kuna watu wanaopasua mawe karibu.

"Si ni wale wachimba vito, huko nyuma ya mlima. Siku hizi wamezidi. Wakimaliza kula, wanalipua baruti."

"Ulijua, mama? Sasa mbona ulihama?"

"Baruti naijua. Nilidhani wewe na hicho chombo chako mmesikia kingine chini yake."

Niliziondoa baruti zote kwenye rekodi, moja baada ya nyingine, na mwishoni ukabaki mtikisiko mmoja, mdogo sana, wa Jumapili alfajiri. Huo haukuwa wa mtu. Niliutazama siku nzima. Huenda unatangulia kitu, huenda hautangulii chochote.

Jioni mama akapiga mwenyewe. "Sasa nirudi?"

Nikamweleza habari za ule mmoja. Nikamwambia sijui, na hakuna anayejua.

"Basi narudi," akasema. "Kama hata wewe hujui, afadhali nisijue nikiwa kwangu."